Uzi: Taa za kuonyesha pointi kwenye reli ya mfano, kijani haizimi kabisa

#1 PointiSita
Wakuu, habari.

Nina yadi ya reli ya mfano yenye pointi sita (mahali reli inapogawanyika njia mbili), kila moja inasukumwa na mota ya Tortoise iliyofungwa chini ya meza. Kwenye paneli nimechora njia zote, na kila pointi ina LED mbili: kijani kwenye mstari wa kunyooka, nyekundu kwenye mstari wa kuchepuka. Treni zinaendeshwa kwa DCC (umeme wa kidijitali unaopita kwenye reli ukiwa na amri za treni). Mota na taa zina chaja yao ya pembeni, volti 12 DC.

Pointi ya 1 hadi ya 3, LED nimeziunga kwenye waya wa mota wenyewe, mbili mbili zikitazama kinyume. Hizo hazina neno. Ya 4 hadi ya 6 nikaamua kutumia kontakti zilizomo ndani ya mota: chanya inapita rezista ya 1k, inaingia LED, inashuka hadi pini 6 (kijani) au pini 7 (nyekundu), halafu pini 5 inarudi hasi. Kila LED ina rezista yake.

Mgonjwa ni pointi ya 5. Nikiipeleka kuchepuka, nyekundu inawaka vizuri lakini kijani haizimi kabisa, inabaki na kamwanga. Mchana hukaoni, zima taa ya chumba utakaona. Nikiirudisha kunyooka, kijani inawaka kamili na nyekundu inazima kabisa. Ya 4 na ya 6 zimeungwa vilevile na hazina tabia hiyo.

Hii ni nini? Na je, nirudishe zote kwenye waya wa mota kama zile tatu za mwanzo?

#2 Mchukuti
Siti ya mbele. Mkuu tupia picha ya chini ya meza, uzi wa umeme bila picha ni hadithi.

#3 FundiMkondo
Anza na chaja. Chaja nyingi za zamani zimeandikwa DC lakini ndani kuna transfoma na dayodi nne tu (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja), hakuna kapasita ya kulainisha. Umeme unatoka na mawimbi, na LED inaona kila wimbi. Weka kapasita ya 1000 µF kwenye mdomo wa chaja, uje utushukuru.

#4 Voltimita
FundiMkondo, hapo umechemka. Mawimbi hayo yanapanda na kushuka, hayageuki upande, na kontakti ikiwa wazi hayana pa kupita. Isitoshe, chaja ni moja. Kama yenyewe ndiyo mchawi, ya 4 na ya 6 nazo zingewaka.

Mimi nashuku mwanga, sio umeme. Paneli ikiwa ya akriliki, mwanga wa LED moja unatambaa ndani ya plastiki na kutokea kwenye tundu la jirani. Ukiutazama unaapa kwamba LED ya pili inawaka. Nyekundu yako inaangaza kijani, basi.

#5 DadaSwichi
Voltimita, mwanga mwekundu ukiingia kwenye LED ya kijani utatokaje kijani? PointiSita, kamwanga hako ni ka rangi gani? Na LED iliyo karibu zaidi ni ipi?

#6 PointiSita
Dada, ni kijani safi. LED zenyewe plastiki yake ni angavu, rangi inatoka ndani. Iliyo karibu ni kijani ya pointi ya 6, zimeachana upana wa vidole viwili. Paneli ni akriliki nyeupe juu ya plaiwudi. Picha nitaleta, chini ya meza kuna aibu.

#7 Voltimita
Basi jirani ndiye huyo. Peleka pointi ya 6 kuchepuka ili kijani yake izime, kisha utazame tena ile ya 5.

#8 NjiaMbili
Mnahangaika na kontakti za nini? Mota za aina hii zikifika mwisho zinakwama huku bado zina umeme, na zikiwa zimekwama zinanyonya kama 15 mA kwenye volti 12. Huo ndio mkondo ambao LED inautaka. Unaweka LED mbili kinyume kwenye waya mmoja wa mota, hakuna rezista wala waya wa ziada, mota yenyewe ndiyo rezista. Umeme ukienda huku inawaka kijani, ukigeuka inawaka nyekundu, na ile isiyowaka inakuwa imegeuziwa umeme kinyume kwa hiyo haiwezi hata kutoa kamwanga. Ndiyo maana zako tatu za mwanzo ni nzima.

#9 Kibereti
Nami nafanya kama NjiaMbili ila nimeweka LED moja tu kwenye waya wa mota, nyekundu. Ikiwaka pointi imechepuka, ikizima imenyooka. Rahisi.

#10 NjiaMbili
Kibereti, usitupige kamba. LED inapitisha umeme upande mmoja. Ukiweka moja peke yake, mota inaenda kuchepuka na hairudi, maana njia ya kurudi umeiziba. Au una dayodi ya kawaida pembeni yake na hujui, au hiyo pointi yako hujawahi kuirudisha.

#11 Kibereti
Kuna kidude cheusi pembeni yake chenye mstari mweupe.

#12 NjiaMbili
😂😂 Ndiyo dayodi hiyo. Nayo inailinda LED, maana LED nyingi hazitakiwi kupewa zaidi ya volti 5 kinyume.

#13 MzeeSignali
Vijana, mnajadili taa inawakaje na hakuna aliyeuliza taa inasema nini.

LED ya kwenye waya wa mota inasoma swichi ya paneli. Umegeuza swichi, umeme umegeuka, taa imegeuka papo hapo wakati mota bado inasafiri. Mota ikiwa imeng'oka kwenye mbao, taa itawaka vilevile. LED ya kontakti, kama za PointiSita kuanzia ya 4, inasoma mkono wa mota. Hiyo ni hatua moja mbele, lakini waya wa chuma unaopanda kusukuma ndimi (vile vipande viwili vya reli vinavyohama ndani ya pointi) ukichomoka tundu lake, mota itafika mwisho, kontakti itageuka, na ndimi zitakuwa palepale zilipokuwa. Taa itakwambia kunyooka, treni itachepuka.

Kwenye reli kubwa taa ya chumba cha signali haiulizi swichi wala mota. Inauliza ulimi wenyewe. Kuna fito zimefungwa kwenye ndimi zinaingia kwenye kifaa cha kuhakiki, na ulimi usipokaa vizuri kwenye reli yake hakuna taa ya upande wowote itakayotulia, na signali ya kulinda njia hiyo haifunguki.

#14 Mchukuti
Mzee umeshusha nondo. Ndiyo kilichotokea Potters Bar kule Uingereza? Pointi zilidanganya taa?

#15 MzeeSignali
Hapana. Potters Bar, Mei 2002, nati za vyuma vinavyoshikilia ndimi zisiachane hazikuwa sawa, na pointi zikahama treni ikiwa juu yake. Behewa la mwisho ndilo lililoacha njia, wakafa watu saba. Hilo ni la matengenezo, usilitie kwenye hesabu ya taa.

#16 DadaSwichi
Mzee, kwenye reli ya mfano hilo linafanyika vipi? Ndimi zangu ni nyembamba, ukizifungia fito ya pili mota inagoma.

#17 MzeeSignali
Swichi ndogo ya kubonyeza, ile yenye mkono mrefu mwepesi, unaifunga kwenye ncha ya fito inayounganisha ndimi, upande wa pili kutoka mota. Mkono uguse tu. Sio lazima kila pointi, weka kwenye zile zilizojificha ndani ya handaki.

#18 Bodi_na_Kodi
Mwaka gani huu jamani? Weka sevo (mota ndogo inayotii amri), weka Arduino (bodi ndogo ya kompyuta), programu inajua pointi iko wapi na inawasha taa yenyewe. Waya tatu tu.

#19 MzeeSignali
Programu inajua ilichoamuru. Sevo za kawaida hazirudishi taarifa kwamba zimefika. Umerudi kwenye taa ya NjiaMbili, tofauti umeandika kodi.

#20 Bodi_na_Kodi
Mzee leo ameamka na mkono wa kushoto.

#21 PointiSita
Mrejesho. Nimepeleka ya 6 kuchepuka, kijani yake imezima. Kamwanga ka ya 5 kapo palepale. Nimeichomoa LED kwenye tundu, nikaishika mkononi gizani mbali na paneli. Bado.

#22 Voltimita
Sawa, nadharia ya mwanga naiweka kando. Sasa tupime badala ya kubahatisha. Una rezista ya 1k mfululizo na hiyo LED. Weka mita kwenye milivolti DC, gusa ncha mbili za rezista wakati pointi imechepuka. Kwenye 1k, kila milivolti moja ni mikroampea moja. Usipime kutoka waya wa pini 6 kwenda hasi, utapata volti nyingi za kukutisha na hazina maana, waya unaning'inia.

#23 Kapasita_Mkavu
Wakati tunasubiri vipimo, nataja ninayemshuku: DCC. Umeme wa DCC unageuka upande maelfu ya mara kwa sekunde. Biti ya moja inachukua mikrosekunde 116 mzunguko mzima, kwa hiyo ni zaidi ya mara 8000 kwa sekunde. Nyaya mbili zikilala bega kwa bega mita kadhaa zinakuwa kapasita, na umeme unaogeuka haraka hivyo unavuka bila kugusana. LED za kijani za kisasa zinaonekana gizani hata kwa mikroampea chache. PointiSita, waya wa ya 5 umepita wapi?

#24 PointiSita
Umefungwa kwa zipu pamoja na waya mkuu wa DCC, urefu wote wa yadi 🙈 Ya 4 iko karibu na paneli. Ya 6 ndiyo ya mbali zaidi ila waya wake umezunguka upande wa pili wa meza.

#25 Kapasita_Mkavu
Kesi imefungwa. Tenganisha hizo nyaya.

#26 Voltimita
Usifunge kesi. LED ni mlango wa upande mmoja. Chaji inayovuka kutoka waya wa DCC itapita LED mara ya kwanza, halafu itarudi wapi ili ipite tena? Waya unaoning'inia ukishajaa, umejaa. Taa za nyumbani zinazobaki na kamwanga zina dayodi nne ndani, umeme unapita pande zote. Hii ni LED moja tupu.

#27 Kapasita_Mkavu
LED nayo ina kakapasita kake ndani na inavuja kidogo kinyume. Inatosha.

#28 Voltimita
Inatosha kwa mikroampea ngapi? Ndiyo maana nimeomba milivolti.

#29 Bi_Lehemu
Mimi naona mnaruka mbali. Kwenye Tortoise pini zote nane ziko ukingoni mwa bodi, zimejipanga karibu. 1 na 8 ni za mota, 2, 3 na 4 ni kontakti ya kwanza, 5, 6 na 7 ya pili, na 5 ndiyo ya kurudi. Kijani yake iko pini 6, yaani jirani wa mlango kwa mlango na pini 5. Nyekundu iko 7. Fundi akilehemu waya moja kwa moja kwenye pini hizo na kuacha mafuta ya kulehemu, yale ya rangi ya asali, yanakauka na kushika vumbi, na kati ya 5 na 6 panakuwa na njia. Njia ya kiloomu 200 tu inatosha kuvujisha kama mikroampea 50. Inaeleza kwa nini ni kijani inayong'ang'ania na sio nyekundu, inaeleza kwa nini ni mota moja, na haihitaji DCC kuruka hewani.

#30 Kibereti
Bi Lehemu kaua.

#31 Kapasita_Mkavu
Kijani inaonekana kwa mkondo mdogo kuliko nyekundu za zamani. Nyekundu inaweza kuwa inavujiwa vilevile, jicho tu halioni. Hilo la pini jirani halijathibitisha kitu.

#32 DadaSwichi
Basi abadilishe. LED ya kijani aipeleke pini 7, nyekundu pini 6. Kamwanga kakihamia nyekundu, Bi Lehemu ameshinda. Kakibaki kwa kijani, ni unyeti wa LED na chanzo kiko kwingine.

#33 Koilimbili
Samahani kuingilia. Sisi tulio na mota za koili mbili, zile za kupiga kelele *tak!*, taa tunaziungaje? Umeme ni wa kugusa mara moja tu, LED inamweka na kuzima.

#34 FundiMkondo
Koilimbili, hapo LED haiwezi kuungwa kwenye waya wa koili, na usithubutu kuacha umeme kwenye koili ili taa iendelee kuwaka, utaichoma. Ukiwa na mota za Peco PL-10 kuna kontakti ya kuchomeka chini yake, PL-13, hiyo inahama pamoja na pini ya mota. Au weka relei ya kushikilia (swichi inayogeuzwa na umeme) yenye koili mbili, moja sambamba na kila koili ya mota. Ukibonyeza kitufe inageuka pamoja na pointi na kubaki hapo, na kontakti zake ndizo zinawasha taa. Hakikisha una kifaa cha kapasita cha kufyatua, maana sasa mkondo unagawana.

#35 MzeeSignali
Na relei hiyo inasoma kitufe, haisomi pointi. Nasema tu.

#36 FundiMkondo
Tumesikia mzee 😂

#37 Reli_ya_Kijivu
Kuna njia hamjaitaja: frogi. Ile V ya chuma katikati ya pointi inabadilishwa umeme kila pointi inapogeuka. Unaweka LED na rezista kati ya frogi na reli ya kushoto, nyingine kati ya frogi na reli ya kulia. Reli yenye umeme sawa na frogi, LED yake inazima. Ile ya upande wa pili inawaka. Hakuna kontakti ya ziada, na kama frogi haikupata umeme, taa zinakwambia. Kwa DCC weka na dayodi ya kulinda LED kwa sababu umeme unageuka.

#38 NjiaMbili
Imetulia, mpaka uwe na vifaa vya kugundua treni kwenye kipande cha reli. Vinapima mkondo, na LED yako inakula mkondo kutoka reli hiyo hiyo masaa yote. Kipande kitaonekana kina treni hata kikiwa kitupu. Nimewahi kumsaidia mtu kutafuta treni ya namna hiyo.

#39 Reli_ya_Kijivu
Unachukua umeme wa LED kabla ya kifaa cha kugundua, na frogi unailisha kutoka hapo hapo.

#40 NjiaMbili
Basi umerudisha waya wa ziada uliosema haupo.

#41 Macho_Mawili
Naomba niulize la rangi. Mimi nyekundu na kijani kwangu ni rangi moja. Nikiangalia paneli ya PointiSita naona vidoa. Kwangu zote ni njano, moja kwenye kila mstari wa mchoro, inayowaka ndiyo njia iliyo wazi. Mahali pa taa ndipo panasema, sio rangi. Kuna sababu ya kung'ang'ania nyekundu?

#42 MzeeSignali
Hakuna. Nyekundu kwa kuchepuka inachanganya hata wenye macho mazima, mtu anadhani asimame. Nyekundu iachie signali.

#43 DadaSwichi
Mimi nitaendelea na nyekundu, kuchepuka kwenye yadi yangu ndiko kunakoleta ajali.

#44 PointiSita
Mrejesho mrefu, nisameheni.

Milivolti kwenye rezista ya kijani, pointi ya 5 imechepuka, DCC imewashwa: 31. Nikizima DCC: 12. Kamwanga kanapungua sana DCC ikizimwa, lakini kwenye giza totoro nadhani bado kapo. Mke wangu anasema hakapo.

Nimechungulia pini. Bi Lehemu, ulikuwa unaona kutoka huko? Kati ya 5 na 6 kuna ukoko wa kahawia, ukiukwangua kwa ncha ya kisu unavunjika kama vioo na chini yake kuna unyevu unaonata. Nimesugua kwa spiriti na mswaki mkavu mpaka bodi ikarudi kijani. Milivolti zimeshuka: 19 DCC ikiwa imewashwa, na 1 au 0 ikiwa imezimwa.

Kisha nikabadilisha kama DadaSwichi alivyosema, kijani pini 7, nyekundu pini 6. Kamwanga kamebaki kwa kijani, ila kamefifia zaidi.

#45 Bi_Lehemu
12 imekuwa 0. Sina la kuongeza.

#46 Kapasita_Mkavu
Na 19 zilizobaki zinaondoka DCC ikizimwa, sina la kuongeza pia.

#47 Voltimita
Taratibu wote wawili. Kwanza, mita ya kawaida kwenye milivolti DC haijatengenezwa kuchujia umeme unaogeuka mara elfu nane. Hizo 19 zinaweza kuwa mita yenyewe inachanganyikiwa na waya wake unaookota DCC. Rudia ukiwa umegusisha ncha zote mbili za mita upande mmoja wa rezista. Ikisoma kitu hapo, hicho sio cha LED.

Pili, mkuu umebadilisha vitu viwili kabla ya kutazama: umesafisha halafu ukahamisha pini. Kipimo cha DadaSwichi kilitakiwa kifanyike na ukoko ukiwepo. Sasa hatutajua kama nyekundu ingewaka.

#48 PointiSita
Nirudishe ukoko? 😅

#49 Bi_Lehemu
Usijaribu.

#50 FundiMkondo
Wakati wataalamu wanagombana, dawa ni hii: rezista ya 10k sambamba na LED, mguu kwa mguu. Mkondo wa kuvuja utapita kwenye rezista. Mikroampea 19 kwenye 10k ni volti 0.19, LED haiamki kwa hiyo. LED ikiwashwa kweli, ile 10k inakula kama 0.3 mA kati ya 9 zilizopo, huwezi kuona tofauti.

#51 Kapasita_Mkavu
Ni kweli itafanya kazi, ila inaficha tu. Nyaya zimelala pamoja bado. Kesho ataweka kitu chenye masikio zaidi ya LED kwenye waya huo na tutafungua uzi mwingine.

#52 Pacha_wa_Reli
PointiSita, kabla hujahamisha kitu kwenda kwenye waya wa mota, una pointi pacha? Zile mbili za kuvuka kutoka njia moja kwenda nyingine, swichi moja mota mbili? Ukiziunga mota mbili sambamba kupitia jozi moja ya LED, ni 15 jumlisha 15, LED inapitisha 30 mA na nyingi mwisho wake ni 20. Haitakufa leo. Kila mota ipewe jozi yake.

#53 PointiSita
Ya 2 na ya 3 ni pacha, na zina jozi moja. Ndiyo maana kijani yake ni angavu kuliko zote?

#54 Pacha_wa_Reli
Ndiyo hiyo.

#55 PointiSita
Nimerudia kipimo cha Voltimita, ncha mbili upande mmoja wa rezista, DCC imewashwa. Mita inasoma kati ya 6 na 8 na haitulii. Nikisogeza waya wa mita mbali na meza inashuka hadi 3.

#56 Voltimita
Kwa hiyo sehemu ya 19 ni ya mita. Ni sehemu gani, hatujui. Ungekuwa na osiloskopu (kifaa cha kuona mawimbi ya umeme) tungemaliza.

#57 Kapasita_Mkavu
Lakini macho yake hayana waya wa kuokota DCC, na yameona kamwanga kakipungua DCC ikizimwa. Macho ndiyo kipimo.

#58 Voltimita
Macho yake na ya mkewe hayajakubaliana, soma #44.

#59 PointiSita
Nimeweka 10k. Kijani imezima kabisa, mimi na mke wangu tumekubaliana. Nyaya nitazitenganisha nikibadilisha zipu, ya 3 naipa jozi yake. Shukrani wakuu.

Mzee Signali, lile la swichi ndogo kwenye ncha ya ndimi, kontakti ya swichi hiyo inaingia mfululizo na kontakti ya mota au inachukua nafasi yake?

#60 MzeeSignali
Mfululizo, na swichi mbili, moja kwa kila ulimi. Mota ikubali na ulimi ukubali ndipo taa iwake. Zikipingana, taa zote mbili zinazima, na wewe unasimamisha treni.

#61 Bodi_na_Kodi
Au unaweka kihisi cha mwanga chini ya ulimi na...

#62 MzeeSignali
Fungua uzi wako, nitakuja.